Umeme wa Kwa Jirani

Testa, bisibisi ya kupimia umeme, iliwaka, na fyuzi ya nyumba aliyoing'oa ilikuwa mfukoni mwa fundi Jael.

Alikuwa amesimama juu ya stuli ghorofani, katika nyumba kongwe ya bibi mmoja wa Kibokoni, akitafuta mahali waya ulipokatika. Alikuwa amekwisha kuupata. Kwa kudhani hauna umeme, akauachia uning'inie hadi ukakigusa kishikio cha chuma cha ngazi. Ulikuwa shaba tupu. Mpira wake ulikwisha kubanduka kwa uzee.

"Bibi, umeme huu watoka wapi?" aliita.

"Wa kwa jirani, mwanangu! Tuliuvuta siku ya harusi." Nyayo zikaanza kupanda ngazi. "Nakuletea sharubati."

"Usipande, Bibi! Usishike chuma!"

Bibi akacheka. "Wacha haya zako! Mgeni kwangu hakai na kiu."

Jael aliona trei, kisha vidole vyenye hina, vimelowa maji ya gilasi, vikinyooka kuelekea kishikio.

Jael, ambaye hajapata kumvunjia mtu mzima heshima, aliirusha testa kwenye trei kwa nguvu zake zote. Gilasi ikapasuka. Mkono ukarudi nyuma.

"Una wazimu?" Bibi alifoka.

 Jael alikionyesha kile chuma, na waya uliokigusa.