Majivu Mlangoni

Asubuhi hiyo Mama Pacha alifungua mlango akakuta majivu yametandazwa kizingitini kama mkeka wa mgeni. Akashika kiuno. Hakuhitaji kuuliza. Ua ule ulikuwa na milango mitatu tu: wake, wa mama mkwe, na wa Fundi, mke wa shemeji yake, mshona nguo.

Kufika mchana nguo za Fundi zilikuwa zimeshuka kambani zenyewe, zikalala matopeni. Jioni sufuria ya Mama Pacha ikatiwa chumvi ya kukaushia samaki wa ng'onda. Kisasi kikazaa kisasi, kama panya.

Waume zao waliwaweka kitako. Nani alianza? Mama Pacha akataja majivu. Fundi akaapa majivu hayajui. Yeye alianzwa kwa maganda ya viazi mlangoni pake. Mama Pacha naye akaapa maganda hayajui. Wakamgeukia mama yao, maana ndiye aamkaye kabla ya kuku.

"Wanangu, macho yangu haya ni ya kuazima," akasema. "Sikuona mtu."

Basi kila mmoja akaona shahidi ni wa kuvutwa kwake. Mama Pacha akampelekea mama mkwe supu, na paja zima la kuku ndani. Fundi aliposikia, akapeleka samaki na gauni jipya juu yake. Huyu anamkanda miguu, yule anamchemshia maji ya kuoga. Bibi akala huku, akala kule, akiwapoza wote kwa neno lile lile: "Pole mwanangu, wewe vumilia tu." Mashavu yakamrudi.

Kisha pacha mmoja akashikwa na homa, na Fundi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Mama Pacha akalia, wakakumbatiana, wakasema yaliyopita si ndwele. Siku nzima wakashinda jikoni pamoja wakipiga soga.

Magharibi mama mkwe alikuwa bado amekaa mlangoni pake, sahani tupu mapajani. Akauliza taratibu kama kuna chochote.

"Aa, Mama, nilijua umekula kwa Fundi."

"Nami nilijua umekula kwa Mama Pacha."

Ndiyo majibu aliyokuwa akipewa kila jioni, kabla ya ugomvi.

"Si kitu, wanangu," akasema. "Kupatana kwenu ndiyo shibe yangu."

Alfajiri, kuku bado wamelala, alizoa majivu jikoni, akasimama katikati ya ua akijaribu kukumbuka safari hii ni zamu ya mlango upi.