Mjomba wa Rafiki

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa akiandika ubaoni, "Usimtumie picha mtu usiyemjua," Sintamei aliponyoosha kidole.

"Madam, na kama umeshamtumia?"

Wenzake walicheka. Mwalimu alimsogelea, akainama kwenye dawati lake. Mtoto alikuwa anavuta uzi wa sweta, na mkono wa sweta hilo ulikuwa umefumuka karibu kufika kwenye kiwiko.

"Umemtumia nani?"

"Rafiki yangu wa Arusha. Tunachati kwenye simu ya shangazi. Anasema na yeye yuko la tano."

"Picha gani?"

"Nimevaa sare, nimesimama kando ya kibao chenye jina la shule."

Chaki ilimvunjikia mwalimu mkononi. "Akasema nini?"

"Leo mjomba wake anapita hapa Karatu. Ana zawadi yangu. Nimsubiri getini tukitoka, nisimwambie mtu."

Kengele ya kutoka ikalia. Watoto wakakurupuka na mabegi yao.

"Kaeni! Asitoke mtu!"

Hawakuwahi kumsikia akipiga kelele namna ile. Alimshika Sintamei mkono, wakaenda dirishani. Madarasa mengine yalishatoka, na vumbi jekundu lilikuwa limetanda hadi barabarani. Magari ya watalii yalikuwa yanapita kuelekea Ngorongoro. Moja tu lilikuwa limesimama nje ya geti, injini inaunguruma, mlango wa nyuma uko wazi.

"Madam," Sintamei alisema, "mbona yule mtoto wa darasa la tatu anapanda?"

Mwalimu alikuwa ameshauachia mkono wake, anakimbia.