Tangulia Kidogo, Dada

Nguzo ilimpiga begani kabla mdogo wake hajafungua mdomo.

"Nguzo," Dereva akasema, baadaye.

"Asante kwa taarifa," Mama Mbio akajibu huku akisugua bega. "Tumeshasalimiana."

Alitaka iwe utani, lakini Dereva hakucheka. Saa moja nyuma alikuwa ameingia shimoni, na kabla ya hapo alimgonga ng'ombe, ng'ombe mzima mwenye kengele shingoni, na Dereva hakusema neno.

Jina la Mama Mbio alipewa na majirani, tena kwa kumcheka. Mwanamke wa miaka hamsini, mpokea simu wa hospitali, haoni ila mwanga na vivuli, eti anakimbia! Macho yalianza kufifia alipopita arobaini. Mwaka wa kwanza aligonga milango na kuilaumu milango. Alipokubali kwamba milango haina kosa, akaanza kukimbia. Sasa alitaka kitu kimoja tu: kilomita sabini kwa siku moja, kutoka mlangoni kwake hadi stesheni ya zamani na kurudi, kabla jua halijazama. Hapakuwa na medali wala wa kumpigia makofi. Alitaka tu ajue mwenyewe kwamba bado yumo.

Macho yake barabarani yalikuwa Dereva. Jumatatu hadi Ijumaa aliendesha basi la watoto wa shule, na Jumamosi alimwongoza dada yake kwa kamba ya kiatu, kila mmoja na kitanzi chake mkononi. Zamani alikuwa na mdomo kama redio. Jiwe, tope, baiskeli, yule mama mwenye kofia ya ajabu, vyote alivitangaza. Lakini kwa miezi kadhaa sasa redio ilikuwa imezimika.

Na Mama Mbio aliamini anajua ilizimika lini. Wifi yake, mke wa Dereva, alikuja siku moja, akaketi sebuleni kwake akasema kwa sauti tamu, "Wifi, nyumba hii ya wazazi ni kubwa mno kwako na mjukuu mmoja. Na hizo mbio zitakuja kukuua." Dereva alikuwepo. Hakumkanya mkewe. Aliangusha kikombe cha chai, akatoka nje.

Mama Mbio alijikataza kufikiri kwamba Dereva anamwacha ajigonge makusudi. Huyu ni mdogo wake, alimbeba mgongoni. Lakini wazo lilikuwa limeshaingia, na kila alipojikwaa lilizidi kujichimbia.

Jua lilikuwa linashuka walipofika kwenye tuta la bwawa. Alilitambua kwa ubaridi wa maji upande wa kushoto. Kulia palikuwa na mteremko wa mawe, na katikati njia ya kutosha watu wawili wembamba. Asubuhi walivuka hapo wakipiga soga. Sasa Dereva alipunguza mwendo.

"Tangulia kidogo, dada."

"Nitangulie mimi?"

"Njia unaijua. Niko nyuma yako."

Kamba ikalegea. Mama Mbio alitamani kurudi, lakini arudi wapi, na nani? Akasonga mbele. Pumzi za mdogo wake zilikuwa karibu mno na kisogo chake. Kisha mkono ukamwangukia mgongoni, mzito, na hapohapo mguu wake wa kulia ukakanyaga hewa.

Akajitupa upande wa pili. Magoti yakachunika. Mawe yaliporomoka kule chini kwa muda mrefu.

"Ungeniambia tu kwamba unaitaka nyumba!" alipiga kelele. "Ningekupa! Kwa nini uniue?"

Dereva alikuwa ameketi chini, analia kama mtoto. "Nyumba gani, dada? Nilikushika mimi nisianguke."

Mama Mbio akamgeukia. Akanyoosha mkono polepole, akamtafuta uso. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye jicho, na jicho halikufumba mpaka lilipoguswa.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Ilianza kama yako. Jua likishuka ndiyo basi tena. Hata mke wangu hajui."

Ukitaka ukweli, kitu cha kwanza alichokihisi Mama Mbio ni furaha. Huruma ilikuja baadaye. Mdogo wake hakuwa muuaji! Alimkumbatia palepale kwenye vumbi, akacheka na kulia kwa pamoja, akamwomba radhi. Kisha akavuta kamba na kushika uongozi yeye. Miguu yake iliikumbuka njia, na pale iliposahau aligusa majani ya ukingoni. Safari hii yeye ndiye aliyetangaza kila jiwe na kila tope, na Dereva alifuata bila ubishi.

Walifika nyumbani mwanga ukiwa bado mwekundu machoni pake. Sabini! Aliupiga mlango kwa viganja viwili, akajipigia vigelegele mwenyewe.

Wakaketi kizingitini bega kwa bega, wakinywa maji.

"Utazoea," akamwambia. "Mimi nilizoea. Tutatafuta kazi nyingine unayoiweza. Hivi, basi la watoto siku hizi anakuendeshea nani?"

"Mimi mwenyewe."

Mama Mbio akashusha chupa. "Na mnaondoka alfajiri, bado giza."

"Usihofu, dada, watoto wananisaidia." Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilichangamka. "Wanapiga kelele, 'Anko, kona! Anko, mtu!' Mjukuu wako anakaa mbele kabisa, ndiye fundi wao. Wanadhani ni mchezo."