Mikate ya Kwenda na Kurudi

Pikipiki ya Mbonea, kama pikipiki zote za siku hizo, haikukubali kuwaka mpaka kisanduku chake kipime chakula cha kutosha safari yote ambayo mpandaji ameiandikisha. Ndivyo sheria ilivyoamuru, kwa kuwa katika nyika ile iliyoungua hapakuwa tena na mtu wa kuuza hata karanga. Nakijwa, mkewe, alikuwa amefunga vifurushi sita vya mikate ya kunde na unga wa dagaa, mikavu isiyoharibiwa na jua: vitatu vya kwenda Kiteto, vitatu vya kurudi.

Alipoweka cha tatu, taa ya kijani ikawaka na injini ikanguruma.

"Baba Nakunda, mbona imewaka mapema?"

"Mashine hizi nazo zina wazimu wake. Ama mikate yako imekuwa mizito kama matofali."

Nakijwa hakucheka. Aliendelea kupakia vilivyosalia, kimoja kimoja. "Safari umeiandikisha ya siku ngapi?"

Mbonea alivaa kofia yake, akaufunga ukanda taratibu. Kisha akavitoa vile vifurushi vitatu vya kurudi, akamrudishia mikononi.

"Hivi wape watoto," alisema, huku akiitazama barabara.