Dawa ya Kindi

Zama ambazo wadudu fukusi walikuwa wakimaliza akiba za nafaka za wanyama wote, Kindi alitumia misimu minne kutafuta dawa ya kuwaua. Alichanganya majivu na majani ya mwarobaini, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Jirani yake, Panya Buku, hakuwa na subira hiyo. Alichungulia mchanganyiko, akauiga, akakimbilia kwa Simba kugongewa muhuri kwamba dawa ni yake. Kindi alilia, lakini nani angemsikiliza mbele ya muhuri?

Masika yalipoingia, mahindi ya kila aliyetumia dawa ile yaliota ukungu. Wanyama wakamjia juu Panya Buku, naye akaenda kwa Kindi.

“Dada, dawa yako imeozesha chakula cha wenzetu!”

“Uliiba kabla sijamaliza kukosea,” Kindi alijibu. “Majani mabichi huleta unyevu. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuyakausha.”

Panya Buku aliinamisha kichwa. “Nitarudisha muhuri kwa Simba, niseme ukweli. Lakini mahindi yangu nayo yameoza; wanangu watakula nini?”

Kindi alimtazama mbavu zilivyomtoka, akamgawia nusu ya mahindi yake.

“Ukishatoka kwa Simba, njoo,” alisema. “Safari hii tutakosea pamoja.”