Saa ya Bwana Badawi

Katika kila bandari ya Mediterania, Bi Mwanasha ndiye aliyepanga pa kutembelea, na kila mara yeye ndiye aliyebaki melini akilinda mizigo, mumewe akishuka na mke mdogo.

"Wewe na miguu yako hiyo, Mama Fumo, bora upumzike," Bwana Badawi alimwambia tena asubuhi ile, akimpa saa yake ya mkononi aitie ufunguo, kama alivyomzoesha tangu waoane.

Alikwisha kuyameza mengi. Hili lilimkwama kooni. Jana, Badawi akiwa usingizini, nahodha alitangaza kwamba kila abiria aisogeze saa yake mbele dakika sitini. Bi Mwanasha aliitia saa ufunguo, akaifuta kwa upindo wa kanga. Mishale hakuigusa.

"Mrudi kabla ya saa kumi," alisema kwa upole. "Meli haimngoji mtu."

Ngazi ilikuwa imeshapandishwa alipowaona gatini, wakija polepole, mke mdogo kavaa kofia mpya. Badawi akampungia mkono. Naye akampungia.

Meli ilipoanza kujitenga na gati, mumewe aliitazama saa, kisha akaipeleka sikioni, kusikiliza kama imesimama.