Hodi ya Perusi

Kila Jumamosi, kabla ya kufagia kanisa, Perusi alisimama mlangoni akaita, "Hodi!" Nyumba ina mwenyewe, alisema, haiingiwi kama banda la mbuzi. Watu walimcheka, naye hakujali.

Jumamosi hii alikuta mabati yameezuliwa na jua limejaa madhabahuni. Mchungaji Elinami alikuwa akisimamia mafundi.

"Mama, hukusikia tangazo? Tumehamia kanisa jipya. Kule kuna watu wa usafi."

"Na Mwenyewe je?"

Mchungaji alimwonea huruma. "Mungu hakai kwenye matofali, mama. Anakaa ndani yako. Wewe ndiye hekalu lake."

Perusi alitazama mikono yake yenye vumbi. Akaondoka na ufagio wake.

Tangu azikwe mumewe, nyumbani kwake hapakuwa na wa kumwitikia. Alizoea kufungua tu na kuingia. Leo alifagia kizingiti kwanza, akavua kandambili, akarudi nyuma kidogo.

"Hodi," alisema taratibu, akatega sikio. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, na ufunguo alikuwa nao mkononi.